Bangili Tuivae Mkono Gani?



Ndugu wasomaji, Jumamosi moja ya mwezi uliopita, baada ya darasa la kina mama, binti wa jamaa zetu anayekaribia kuolewa alinionyesha bangili ya dhahabu aliyoletewa na mjomba wake kutoka Muscat. Ilikuwa moja tu, nzito, isiyo na kifungo, ya kupitisha mkononi. Akaniuliza, "Bibi, hii niivae mkono gani?" Wenzake wakamcheka, wakamwambia avae autakao, kwani mikono yote ni yake. Mimi sikucheka. Kwa miaka zaidi ya arobaini nilivaa bangili bila ya kujiuliza swali hilo, na siku nilipojiuliza nilikuwa nimekaa juu ya kitanda cha hospitali, mkono wangu wa kulia umeumuka kama hamri, na kijana wa watu ameshika msumeno mdogo huku akiniomba radhi. Mhariri aliyasikia mazungumzo yale akanitaka niyaandike kwa faida ya wengine, nami sikuwa na udhuru.

Mabibi zetu wa pwani hawakuhitaji kuuliza, maana wao walivaa mikono yote miwili. Timbi, kekee na banagiri zilifuliwa kwa jozi, moja ya kulia na moja ya kushoto, na bibi harusi aliyepambwa upande mmoja tu angelionekana kama mtu aliyeibiwa. Oman nako ni hivyo hivyo. Bangili nyingi za fedha za kizamani zinazouzwa katika masoko ya Nizwa na Mutrah zilitengenezwa jozi. Fedha yenyewe aghalabu ilipatikana kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780, ambazo ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo miaka mingi baada ya malkia mwenyewe kufariki, zikasafiri mpaka Muscat na Unguja kuwa sarafu ya biashara. Nadhani pia kwamba wengi wa waliovaa zile nzito zaidi hawakuwa wenye kusugua masufuria.

Swali la mkono gani limeletwa na mambo mawili. La kwanza ni bei ya dhahabu: aliyekuwa akinunua jozi sasa hununua moja, na moja sharti ichaguliwe pa kukaa. La pili ni saa. Saa ya mkononi ilienea miongoni mwa wanaume baada ya Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, kwa sababu askari aliye handakini hakuweza kila mara kutia mkono mfukoni kutafuta saa yake. Ikafungwa mkono wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru kwa kazi na kwa kukaza ule ufunguo mdogo ambao mtengenezaji ameuweka upande wa kulia wa uso wa saa. Hivyo mkono wa kushoto ukapata mpangaji, na bangili ikahamia kulia. Akina mama wengi wa rika langu tulianza hivyo pasipo kukusudia. Na wale wanaovaa vyote viwili mkono mmoja, bangili juu ya saa, watazame vizuri upande wa ndani wa bangili baada ya mwaka mmoja. Chuma cha saa ni kigumu kuliko dhahabu, nacho huila.

Sonara yeyote mwenye uzoefu atakuambia kwamba pambo la thamani likae kwenye mkono usiofanya kazi nyingi. Watu kama tisa katika kumi hutumia zaidi mkono wa kulia. Huo ndio unaozungusha kitasa, unaoshika kisu, pasi na kalamu, unaosukuma mlango wa basi. Kila mgongano ni mdogo, lakini dhahabu tunayoipenda sisi ni laini. Dhahabu safi ni karati 24. Ile ya karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika elfu moja, ya karati 21 inayouzwa sana Ghuba ina 875, ya karati 18 ina 750, na ile ya karati 9 inayovaliwa na wenyeji wengi hapa Uingereza ina 375 tu. Wengi wetu huibeza hii ya mwisho kwa rangi yake, nami pia siipendi, lakini lazima nikiri kwamba zile madini nyingine zilizochanganywa ndani yake ndizo zinazoipa ugumu wa kustahimili kazi za kila siku. Bangili ya karati 22 ikigongwa kwenye beseni la kuoshea vyombo kila siku hupoteza nakshi yake polepole, kisha hupoteza umbo, na ikiwa nyembamba hatimaye hupasuka pale ilipolehemiwa.

Basi kwa hesabu hiyo jibu lingekuwa la kushoto, na makala yangeishia hapa. Lakini sisi tuna mambo yetu. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na kwa mtu anayekula pilau au biriani kwa mkono, bangili yenye mashimo na nakshi nyingi hukusanya mafuta na punje, hata kama ameiosha mara tatu. Mkono wa kushoto nao ndio wa kujitwaharisha, kwa hiyo bangili ya kushoto hupata maji mara kwa mara na yataka kusafishwa kwa uangalifu zaidi. Ikiwa imeandikwa jina la Mwenyezi Mungu au aya, adabu ni kuivua kabla ya kuingia chooni, na ikiwa kuivua ni taabu, basi heri isivaliwe siku ya shughuli nyingi. Ama kuhusu sheria yenyewe, mwanamke hakufungwa kwa mkono mmoja. Kupendelea kuanza kwa kulia katika mambo mema ni sunna ijulikanayo, lakini aliyevaa kushoto hakufanya kosa. Wanaume, kama tujuavyo, dhahabu hawana ruhusa nayo, wala mkono wa kulia wala wa kushoto.

Jambo la kutazamwa zaidi ni udhu. Maji ni lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini ya pambo. Bangili inayocheza haina tabu, maji hupita yenyewe. Iliyobana lazima isogezwe, na iliyobana kiasi cha kutosogea haifai kwa udhu wala haifai kwa mwili, kama nitakavyoeleza. Baada ya udhu kausheni chini yake kwa taulo, khasa msimu wa baridi. Unyevu unaobaki pale, ukichanganyika na sabuni, ndio unaoleta vipele ambavyo wengi husingizia dhahabu.

Sasa nieleze yaliyonifika. Januari 2010 theluji ilianguka nyingi hapa Uingereza, ikaganda, ikawa njia ya kando ya barabara inateleza kama sahani yenye mafuta. Nilitoka asubuhi mapema kwenda kituo cha basi, nikateleza, nikatanguliza mkono wa kulia. Niliinuka haraka zaidi kuliko nilivyoanguka, kwa sababu ya haya. Vijana wa shule walikuwa wakinitazama. Mkono uliniuma lakini vidole vilikuwa vinatembea, nikajiambia hakuna kitu. Nikaenda kazini, nikafundisha vipindi viwili nikiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, wanafunzi wakidhani ni mchezo. Mkononi nilikuwa na bangili ya marehemu mama yangu, ya karati 22, aliyonivisha yeye mwenyewe siku ya ndoa yangu. Kufika adhuhuri ilikuwa haizunguki tena. Nilipofika hospitali alasiri, nyama ilikuwa imeinuka pande zote mbili za bangili na vidole vimebadilika rangi.

Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kifundo cha mkono, aina ya mvunjiko uliopewa jina la Abraham Colles, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1814, na ambao huwapata sana wanawake waliopita umri wa hamsini wanaoanguka kwa kutanguliza kiganja. Mfupa hautishi sana. Hurudishwa, hufungwa plasta, hupona. Kilichowatia hofu ni bangili. Mkono unavimba, chuma hakitanuki, na damu ikizuiwa muda mrefu vidole huweza kufa. Wakaikata mahali pawili, kwa sababu bangili isiyo na kifungo ikikatwa mahali pamoja tu haifunguki vya kutosha. Nililia, na muuguzi akadhani nalilia mfupa.

Kosa lilikuwa langu, na wala halikuwa la mkono niliouchagua peke yake, maana mkono wa kushoto nao huvunjika. Lilikuwa la kusubiri. Mtu akianguka, akiungua, akibanwa na mlango au akiumwa na nyuki mkononi, avue bangili na pete dakika ile ile, kabla ya kutafuta barafu na kabla ya kupiga simu. Saa moja baadaye huenda isiwezekane. Ikianza kugoma, inueni mkono juu ya kimo cha moyo kwa dakika chache, mpake mafuta au sabuni ya maji, au mvishe kiganja mfuko mwembamba wa plastiki kisha muiteleze bangili juu yake. Mfuko huo husaidia kuliko mtu anavyoweza kudhani. Ikishindikana, msishindane nayo, nendeni mkakatiwe. Dhahabu hulehemiwa.

Kuna watu ambao kwao mkono hauchaguliwi kwa urembo wala kwa kazi, bali kwa maradhi, na hawa ndio hasa niliowakusudia kwa makala haya, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu ni wageni wakaao katika nyumba zetu nyingi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine aghalabu hufanyiwa upasuaji mdogo mkononi, ateri ikaunganishwa na vena ili vena ipanuke na iweze kuchomwa sindano kila mara. Madaktari hupendelea kuufanya kwenye mkono usiotumika sana, yaani kwa wengi wetu wa kushoto, ule ule tuliosema unafaa kwa bangili. Mkono huo hauvaliwi saa, bangili wala nguo ya kubana, haupimwi shinikizo la damu, wala haulaliwi. Mshipa ule ukizibwa, mgonjwa amepoteza njia ya uhai wake mpaka atengenezewe nyingine. Namjua bibi mmoja aliyeletewa bangili na wanawe wakamvisha wenyewe mkono huo huo, kwa mapenzi, wakifikiri inaficha kovu. Mjukuu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyesoma karatasi ya hospitali kwa sauti, bangili ikavuliwa usiku ule.

Hali kadhalika aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti hushauriwa asivae kitu cha kubana upande ule, kwa kuwa maji ya mwili hayarudi vizuri na mkono huweza kuvimba hata miaka mingi baadaye. Kina mama wengine huona haya kuwaeleza jamaa sababu, wakavalishwa kwa nguvu katika sherehe. Semeni tu kwamba mkono ule daktari amekataza, inatosha.

Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani ajihadhari na bangili zinazofungwa kwa sumaku. Sumaku hizo zisikaribishwe kifuani. Kiasi cha sentimita 15 ndio umbali unaoshauriwa. Na kwa kuwa kifaa chenyewe mara nyingi hukaa chini ya bega la kushoto, na mtu alalapo ubavu huenda akakiegemeza kiganja kifuani, kwake yeye ni salama zaidi kuachana kabisa na sumaku kuliko kuhangaika na mkono gani.

Kisha ipo bangili ambayo haikutengenezwa kwa pambo. Mwaka 1953 huko California binti wa daktari aitwaye Marion Collins alikaribia kufa kwa kudungwa dawa ya pepopunda ambayo mwili wake haukuikubali. Wazazi walianza kumfungia karatasi ya onyo mkononi, kisha wakamtengenezea bangili ya fedha iliyoandikwa, na mwaka 1956 wakaanzisha MedicAlert, ambayo imeenea nchi nyingi. Mwenye kisukari cha sindano, mwenye kifafa, mwenye kudhuriwa na penisilini au karanga, anafaa kuwa nayo. Waokoaji hutazama vifundo vya mikono yote miwili, maana ndipo wanaposhika mshipa kupima mapigo. Basi mkono wowote unafaa, ila isifichwe katikati ya bangili nyingine sita.

Nirudi kwenye kipimo, kwa sababu bangili ya kipimo kibaya haina mkono mzuri. Masonara wengi wa Kihindi, wa Leicester na Southall kama wa Dubai na Mombasa, huzihesabu bangili zisizo na kifungo kwa namba kama 2.4, 2.6 na 2.8. Wengi wetu husoma namba hizi kama desimali tulizofundishwa shuleni, na nimewahi kumsikia mwalimu mwenzangu wa hesabu akibishana dukani. Si desimali. Ni inchi mbili na sehemu nne, sita au nane za kumi na sita, upana wa ndani kutoka ukingo hadi ukingo. Yaani takriban milimita 57, 60 na 63 na nusu. Ili ujue yako, kunja kidole gumba kuelekea kidole cha mwisho kama unayepitisha mkono bangilini, zungusha uzi palipo panene zaidi kwenye vifundo vya vidole, kisha upime uzi huo kwa rula. Ukipata sentimita 18 yako ni 2.4, sentimita 19 ni 2.6, na sentimita 20 ni 2.8. Pimeni mikono yote miwili, kwani mkono wa kazi aghalabu ni mnene kidogo, na bangili iliyopimwa kushoto huenda isipite kulia. Pimeni jioni, si asubuhi yenye baridi ambapo vidole vimesinyaa. Ile yenye kifungo hupimwa tofauti: zungusha uzi kwenye kifundo chenyewe, kisha ongeza sentimita moja na nusu au mbili. Na ikiwa ni ya thamani, itiwe mkufu mdogo wa usalama pembeni mwa kifungo, kwani kufunga kwa mkono mmoja ni kazi, na wengi hudhani wamefunga kumbe hawakufunga.

Wanaofanya kazi hospitali na katika nyumba za wazee wanajua kwamba tangu mwaka 2008 hospitali za serikali za Uingereza zinataka mikono iwe wazi chini ya kiwiko kwa anayemhudumia mgonjwa, bila saa wala bangili, kwa kuhofia vijidudu. Basi ziacheni nyumbani, si ndani ya mfuko wa koti ukumbini. Wa viwandani na jikoni sina haja ya kuwaeleza. Mashine haichagui mkono. Watoto wachanga nao tusiwalaze na bangili za shanga wala za nyuzi, mkono wowote ule, kwani uzi hukatika na ushanga huingia kinywani.

Kwa wenye kuwashwa: mara nyingi adui ni nikeli, iliyomo katika bangili za bei rahisi na katika vifungo. Ulaya ilianza kuiwekea mipaka kwa sheria ya mwaka 1994, lakini bidhaa za mikobani na za barabarani hazifuati sheria kila mara. Kuhamisha bangili kutoka kulia kwenda kushoto kutahamisha vipele tu. Na kuhusu bangili za shaba nyekundu ambazo baba zetu huvaa kwa ajili ya baridi yabisi, Chuo Kikuu cha York kilizijaribu kwa wagonjwa 70, matokeo yakatolewa mwaka 2013: hazikupunguza maumivu wala uvimbe kuliko bangili za bandia. Mzee anayeipenda aivae, hainaye ubaya, mradi asiache dawa.

Yule binti nilimuuliza kwanza, "Unaandika kwa mkono gani?" Akacheka, akasema yeye ni mashoto, hula kwa kulia kama alivyofundishwa na mama yake, lakini kalamu, kisu na mkasi vyote ni kushoto. Basi nikamwambia avae kulia, aivue wakati wa kula kwa mkono, na saa yake aiache alipoizoea. Bangili ilikuwa 2.4 na mkono wake wa kulia sentimita 18 na nusu. Amempelekea sonara aipanue kabla ya harusi. Yangu ilirudi kutoka kwa sonara ikiwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba upande mmoja na msumari mdogo wa skrubu upande wa pili. Sasa hufunguka. Naivaa kushoto.